Igeuze, Uisukume

3 Machi

Mdogo wangu Fundi,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi mzima ukiacha taya, na ukiacha pengo la meno mawili ya mbele ambalo ulimi wangu umeligeuza uwanja wa michezo. Mama naye mzima. Amekonda, lakini anakula, na kila akiamka anakuulizia.

Jana wakili wako alikuja dukani. Kijana mwembamba, anaongea kama anaogopa kuamsha mtoto, ila naona kichwa kinafanya kazi. Amenitaka niandike ninachokumbuka, nami nakuandikia na wewe ili maneno yetu yasipishane. Nakumbuka harusi ya binti wa jirani. Wewe nyuma ya kamera, Mama amekaa na wanawake wenzake, mimi napanga watu kwa ajili ya picha. Akaingia yule mwanamume niliyemkimbia, amelewa, anauliza kwa sauti kama hii ndiyo kazi niliyomwachia nyumba. Alinishika nywele akaniburuta katikati ya meza, viti vinaanguka, watu wanakimbilia nje. Ngumi ya kwanza niliisikia. Ya pili niliiona inakuja. Baada ya hapo ni giza, mpaka nilipozinduka nikamkuta amelala kando yangu, kichwa kimepasuka, na wewe umesimama na stendi ya kamera mkononi, inachuruzika damu.

Sijamlilia na sitamlilia. Miaka yote ile niliyoficha macho yangu yaliyovimba ilitosha.

Polisi walichukua stendi. Kamera hawakuiona, ilianguka chini ya kitambaa cha meza, Mama akaiokota akaitia kikapuni. Kaseti imo ndani. Wakili anasema ikionekana kwamba ulimpiga mtu aliyekuwa anamuua dada yako, hiyo si kesi ya kuua tena, unaweza kutoka. Bila kaseti wanaweza kukunyonga. Lakini hataki kuipeleka hivi hivi, maana vitu vya ushahidi vina tabia ya kupotea kwenye makabati ya watu. Anataka nakala kwanza, kwenye diski. Kesi inasikilizwa tarehe 14 Aprili.

Sasa tatizo. Kioo cha kamera kimevunjika, hakionyeshi kitu. Nimewasha kompyuta yako ya mezani, nimechomeka waya kwenye ile poti ya nyuma unayovutia video. Kompyuta inasema haioni kifaa chochote. Nimechomoa, nimechomeka, nimeipuliza, nimeitukana. Hukuwahi kuruhusu mtu aguse mashine hiyo, mimi ukaniachia kupiga picha za vitambulisho na kupokea wateja, na sasa haya ndiyo matunda yake. Nieleze la kufanya hatua kwa hatua, kama unayemweleza mjinga. Nakuruhusu mara hii tu.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Barua yako imefika, imesomwa kwanza na wenyewe, kwa hiyo naanza kwa kuwasalimu askari wa dirishani.

Mimi nipo. Mahabusu hatulali, tunapangwa kama vijiko. Juzi watu wawili waligombea nafasi ya ukutani, mmoja akampiga mwenzake kwa ndoo ya chooni mpaka sikio likaning'inia. Tuliambiwa tusafishe damu sisi wenyewe. Mimi sigombani na mtu, najikunyata tu, usimwambie Mama haya.

Kuhusu poti. Kompyuta iwe imewaka, na kamera nayo iwe imewaka, ndipo uchomeke waya. Ukiitazama plagi utaona upande mmoja umechongoka. Poti ile ya nyuma niliifunga mwenyewe, na niliifunga kichwa chini, kwa hiyo usifuate umbo lake. Igeuze plagi, upande uliochongoka uelekee kule ambako unadhani siko, kisha uisukume. Itakataa mwanzoni. Usiionee huruma, isukume kwa nguvu mpaka iingie yote, halafu iache hapo kwa muda.

Usimwite fundi mwingine. Ndugu za marehemu wana marafiki kila kona, na kaseti ikiingia mikononi mwa mtu hutaiona tena. Na Mama asishinde dukani, vumbi lile litamuumiza kifua.

Mdogo wako, Fundi


17 Machi

Fundi,

Nimefanya ulivyosema. Niliigeuza nikaisukuma, ikakataa, nikaweka goti kwenye meza nikaisukuma kwa mwili mzima. Ilipoingia ilitoa cheche, ikaalika kama mfupa unaovunjika, na chumba chote kikanuka plastiki iliyoungua. Kompyuta ikazima. Nimeiwasha tena inafanya kazi, lakini poti ya nyuma imekufa, hata taa yake haiwaki. Ndivyo inavyotakiwa? Kama ndivyo, ufundi wenu ni wa ajabu.

Kuna jingine. Wale waliokuwa mashemeji zangu walikuja juzi mchana kweupe, watatu, na nondo. Walianza na vioo vya mbele. Mkubwa wao alinikaba akanisukuma kwenye kabati la fremu, vioo vikanimwagikia, nina mishono begani. Alisema wanajua kamera ninayo, na kwamba nikiitoa mahakamani atanizika mimi karibu na kaka yake, tuendelee na ndoa yetu huko chini. Wa pili alikuwa ameshainua nondo juu ya kompyuta.

Mama alitokea chumba cha nyuma na sufuria ya maji ya chai. Hakupiga kelele. Alimmwagia yule wa nondo miguuni, na alipoinama kushika miguu, akampiga sufuria ile ile usoni. Nilisikia pua inavyovunjika. Walimbeba wakaondoka naye. Mama akaokota sufuria, akaitazama ilivyobonyea, akasema chai itachelewa. Mwanamke huyu ndiye aliyekuwa akitufukuza tusione akichinja kuku.

Nilicheka mpaka taya likauma, kisha nikalia. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa watakuja tena kabla ya video kutoka, na wewe utabaki huko kwa kosa la kunipenda.

Mama hakusikia uliyosema kuhusu vumbi. Anakaa kwenye kigoda kando ya kompyuta tangu asubuhi. Kila nikichomeka kitu ananiuliza, imetoka? Nikimwambia bado, anasema jaribu tena. Niambie hatua inayofuata, upesi.

Dada yako


23 Machi

Dada,

Samahani kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una vidole vitatu vilivyovunjika. Humu ndani kuna binamu wa marehemu, ameletwa kwa kesi ya wizi. Alinisubiri bombani, wenzake wakanishika, akaweka mkono wangu kwenye ukingo wa sinki na kuukanyaga kwa kisigino, kidole kimoja kimoja. Aliniambia nihesabu kwa sauti. Sikuhesabu, ndiyo maana aliendelea. Daktari amevifunga na kipande cha boksi.

Cheche si neno, hutokea. Poti ya nyuma tuiache. Kuna nyingine kama hiyo mbele, chini ya kitufe cha kuwashia, ina kifuniko kidogo. Hiyo nayo ni vile vile: vyote viwe vimewaka, igeuze plagi, uisukume kwa nguvu. Ukisikia joto usichomoe. Acha waya hapo hata kama kuna moshi mdogo, ndipo inaposoma.

Hiyo ndiyo njia pekee, Dada, hakuna nyingine. Ikishindikana, basi. Hatutapigana na Mungu. Mwambie wakili tumejaribu.

Na Mama mpeleke kwa mama mdogo leo hii, usingoje kesho. Usimruhusu kukaa mbele ya mashine ile. Nakuomba sana.

Fundi


31 Machi

Wewe,

Barua hii haipiti dirishani. Wakili ameichukua ndani ya makaratasi yake, atasubiri uisome na ataondoka nayo. Nimemwambia asiifungue, na amenipa neno lake.

Poti ya mbele iliwaka moto. Si moshi mdogo, ni moto, nikaupiga na kitambaa mpaka ukazimika. Mama alisimama ukutani, ametoa macho, akaniuliza tena, imetoka? Hapo nikashindwa. Nikabeba kompyuta begani kwenye mishono, na kamera kikapuni, nikavuka barabara mpaka kwa yule dada anayetengeneza simu. Ulinikataza. Ulinikataza mambo mengi.

Aliifungua akaikagua, akaniuliza nani aliyeniambia niigeuze plagi. Nikasema mdogo wangu, fundi wa video, kazi yake maisha yake yote. Akanieleza kwamba plagi ile ina umbo lile makusudi, isiweze kuingia kinyume, na kwamba ukiilazimisha, umeme unapita pasipo pake na kuunguza poti ya kompyuta na ya kamera pamoja. Akanionyesha kitufe cha kuzungusha kwenye kamera. Kilikuwa upande wa kurekodi. Kilitakiwa kiwe upande wa kuonyesha. Basi, Fundi. Ile siku ya kwanza kompyuta haikuwa na ugonjwa wowote, kilikuwa kitufe tu.

Kisha akasema, "Huyo mdogo wako hakutaka itoke."

Nilimtukana. Nilimwambia mdogo wangu yuko mahabusu anasubiri kitanzi, atakuwaje hataki? Alinipa waya wenye vichwa vya rangi tatu, akaniambia hauhitaji kompyuta wala poti, unachomeka kwenye kamera na kwenye runinga, na picha inaonekana. Nikakumbuka nimewahi kukuona ukiwaonyesha wateja hivyo. Ulisema hakuna njia nyingine.

Nimeiona, mdogo wangu. Sebuleni, kwenye runinga ya Mama, Mama akiwa kwenye kochi. Nilimwambia aende chumbani, asione nikipigwa. Alikataa.

Nimejiona nikiburutwa. Nimejiona nikipigwa ya kwanza na ya pili, halafu ya tatu na ya nne ambazo sikuzijua, na teke la tumboni nikiwa nimeshalala. Nimekuona ukiiweka kamera juu ya spika, ukachomoa stendi ukampiga nayo begani. Mara moja. Alianguka kwa magoti, kisha ubavu. Alikuwa hai. Alikuwa anatukana, anajaribu kuinuka, na mkono wake umeshika kifundo cha mguu wangu. Wewe uliitupa stendi ukanipigia magoti mimi, ukawa unaniita. Ulimpa mgongo.

Mama aliingia kutoka upande wa kushoto. Alitembea tu, hakukimbia. Akaokota stendi, akaishika kwa mikono miwili kama anayetwanga, akampiga kichwani. Akainua tena, akapiga. Akainua tena. Mara ya tatu hata kamera ilitikisika. Wewe uligeuka, ukamnyang'anya stendi, ukamshika mashavu ukamwambia kitu. Kisha watu wakaanza kurudi ndani, spika ikasukumwa, na picha ikaishia chini ya kitambaa.

Sikuweza kumtazama. Nilitazama runinga, imejaa chenga. Mama ndiye aliyesema kwanza.

"Umeona sasa," akasema. "Mdogo wako aliniapisha nisifungue mdomo. Sijaufungua."

Kumbe ndiyo maana ya kigoda. Ulimwapisha akiwa na damu ya mtu kwenye gauni, ukamwambia kamera ulikuwa umeizima, hakuna kitakachomfikia. Hakukuamini hata dakika moja. Aliiona taa yake nyekundu ikiwaka alipoiokota. Kiapo cha mwanawe hakuweza kukivunja, kwa hiyo alikaa kando ya mashine akisubiri iseme badala yake, na wewe kule ukaniagiza niiunguze.

Mimi ni nani katika mambo haya? Nyinyi wawili mmeniweka katikati, kila mmoja anavuta kwake, na mimi ndiye niliyepigwa. Nina hasira na wewe kiasi kwamba ungekuwa hapa ningekuzaba kibao, halafu ningekukumbatia. Nipeleke wapi kaseti hii? Nikiitoa, Mama anafia gerezani. Nikiificha, unanyongwa wewe. Nijibu kama mtu, usinijibu kama fundi.

Dada yako


31 Machi, hapo hapo

Dada,

Wakili amenipa kalamu na ananisubiri.

Ichome. Ivunje, toa utepe wote, tia mafuta ya taa, ichome leo.

Nilidhani poti zikifa zote utakata tamaa na jambo litakwisha bila wewe kujua, nawe utabaki na mama yako. Sikutaka uwe na la kuchagua. Ningekwambia uichome tangu mwanzo ungeuliza kwa nini, na wasomaji wa dirishani nao wangeuliza.

Mimi nina mgongo wa kuvumilia, Mama hana. Umeniambia kuhusu sufuria ukacheka, mimi sikucheka. Humu ndani mtu akimgusa atamrudishia, na watamuua kwa kumpiga, polepole, katika pembe fulani yenye maji. Nimeona wanavyofanya. Siwezi kulala nikijua Mama yuko mahali kama hapa.

Ichome, Dada. Nimeshazoea.

Fundi


9 Aprili

Mdogo wangu,

Nilijaribu kukutii. Nitalisema hili hata kama baadaye utanidharau: nilikuwa nimechagua. Niliwasha jiko nyuma ya duka, nikaketi mbele yake tangu asubuhi mpaka makaa yakawa majivu, na kichwani mwangu nilikuwa nimeshakuzika wewe, kwa sababu Mama ni Mama. Ndipo nikaingia ndani kuchukua kamera.

Ilikuwa wazi. Kaseti haikuwamo.

Bafu lilikuwa bado bichi, gauni la Mama la kutokea na viatu vyake vya kufunga havikuwepo, kitanda kimetandikwa. Kwenye kochi hakuwepo. Nilikimbia barabarani bila viatu nikiuliza watu kama kichaa. Mwenye duka la mkate alisema Mama amepita hapo akamuuliza mahakama inafunguliwa saa ngapi.

Nilimkuta kwenye ngazi za mahakama. Wale wawili waliobaki wazima, mashemeji, nao walikuwa hapo, wamekuja kuonana na mwendesha mashtaka. Mkubwa alipomwona Mama alimfuata, na mimi nikajua tumekwisha. Nilimrukia mgongoni. Nilimng'ata sikio, Fundi, kwa haya meno yaliyobaki, nikahisi damu mdomoni na sikuachia. Tuliporomoka ngazi pamoja. Alinipiga ubavuni, nikamkwangua macho. Askari walitutenganisha kwa virungu, na kirungu kimoja kimenipata mimi vizuri tu. Katika vurugu ile yote, Mama alipanda ngazi moja moja akishika ukuta, akaingia ndani, na mlango ukafungwa.

Sikumwona tena siku ile. Wakili anasema walimkuta ameketi mbele ya karani, mkono umenyooshwa, kaseti juu ya kiganja.

Nyumba ina kimya ambacho sikijui. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Dada yako


16 Aprili

Mwanangu,

Naandika kwa mkono wangu, usidhani nimeandikiwa. Nipo upande wa wanawake. Nina godoro. Siku ya kwanza mmoja alitaka kunivua viatu, sasa hataki tena, na wengine wananipisha kwenye foleni ya maji. Usiwe na wasiwasi juu ya hilo.

Uliniapisha nisifungue mdomo, na sikuufungua. Niliwapa kaseti nikanyamaza, wakaitazama mbele yangu. Walipomaliza hakimu aliniuliza kama yule ni mimi. Mtu akikuuliza mwenyewe, kujibu si kuvunja kiapo. Nikasema ndiyo, ni mimi.

Wakili wako amekuwa wangu sasa. Anataka niseme nilipandwa na hasira, macho yakaingia giza, sikujijua. Anasema itanipunguzia. Nimemwambia kwamba pigo la kwanza lilikuwa la dada yako, kwa ajili ya mkono ule uliomshika mguu. La pili na la tatu yalikuwa yangu. Alikuwa ameshatulia, mwanangu. Nilimwona ametulia, na nikainua tena, kwa sababu ya kila mara niliyomrudisha dada yako kwake na kumwambia avumilie ndoa. Nilijijua vizuri sana. Sitasema vingine, hata kwa ajili yako.

Nimeambiwa utatoka Jumatatu. Mwambie daktari wa nje avinyooshe vidole vyako upya, boksi litavipinda. Mkae pamoja na dada yako, mtengeneze mashine, na wale wakija tena msiwafungulie.

Nimekuwa nikiwaza ulivyonishika mashavu siku ile, ukaniambia, Mama, hii ni yangu. Ulikuwa unalia. Nilikuacha uichukue, na kila siku uliyokaa huko nilijiona mwizi. Hukuzaliwa ili unibebee, mwanangu. Mimi ndiye niliyekubeba wewe.

Mama yako